Sisimizi wa Uwanja wa Tabora

Nilikuwa wa kumi na tisa kwenye karatasi yake:
Kalunde Mihambo, kiti cha dirishani,
muuza asali, Isevya.
Mhandisi Anganile hakuniuliza kama niliogopa.
Aliuliza: kabla ya ukungu, ulisikia nini?

Nilisikia mluzi.
Mwembamba, kama birika la jirani
ambalo si kazi yako kuliepua.
Nikasema moyoni, wenye ndege wanajua.

Kisha kishindo, wala si kikubwa,
kama mtu aliyefunga kabati kwa hasira,
na hewa ikageuka maziwa.
Sikuviona vidole vyangu.
Masikio yakajaa sindano, tumbo likavimba,
pakiti ya karanga ikampasukia mwanajeshi mikononi
akaitazama kama aliyetukanwa.
Ikaingia baridi ambayo Tabora haina jina lake.
Barakoa hazikushuka. Ndege za kimo kile hazina,
nilijifunza baadaye; siku ile niliinua tu macho,
nikaingoja dari ifunguke.

Tukashuka. Si kuanguka, alisisitiza mhandisi, kushuka:
rubani aliinamisha pua akatafuta hewa nzito
kama mtu anayeteremka kisimani.
Mtoto wa nyuma alilia njia nzima.
Kilio humfungulia masikio, alisema daktari wa Kitete.
Sisi wakubwa tulinyamaza kwa heshima,
tukaumia.

Siku ya pili nilikwenda kudai ndoo zangu ishirini,
asali ya Sikonge, nilizozifunga kwa mkono wangu
na hewa ya hapa chini ndani yake.
Kule juu hewa ile ilikumbuka ukubwa wake,
ikasukuma mifuniko.
Nusu ya mali ilikuwa sakafuni mwa chumba cha mizigo.
Na uzi wa katani, uzi wa gunia langu la nta,
ulikutwa umebanwa ukingoni mwa mlango.
Anganile aliutia kwenye mfuko, akauandikia namba.

Usiku ule sikulala.
Uzi wa urefu wa kidole. Watu arobaini na sita.
Niliwataja kwa majina wale niliowajua,
kisha wale niliowajua kwa mashati tu.

Asubuhi akapiga simu: njoo.
Nilimkuta amechuchumaa chini ya tumbo la ndege,
vumbi magotini, akaninyooshea kidole.
Sisimizi.
Walikuwa wamepanda kwa gurudumu, wakafuata bati,
wakaupita mahali pa uzi wangu bila kusimama,
wakaenda hadi kona ya chini ya mlango, kwa nyuma,
ambako tochi ya mkaguzi haifiki asipolala chali,
wakazama ndani ya ufa wa mpira.
Mle ufani, asali:
upepo uliifyonza ukitoka, ikaganda njiani.

“Hewa ilipita hapa,” alisema.
“Mpira umekauka kama ngozi ya ngoma.
Kuna mtu alitia sahihi kwamba ni mpya.”
Na uzi wangu?
“Uzi ulikuwa abiria tu. Kama wewe.”

Ripoti ilikuja baada ya miezi minane, kurasa sitini na mbili.
Niliwatafuta sisimizi. Hawamo.
Ukurasa wa arobaini: mabaki ya kimiminika chenye sukari
yalisaidia kubaini njia ya uvujaji.
Nilicheka hadi mwanangu akaja kuniangalia.
Jina la mtia sahihi nalo halimo.
Uchunguzi, wanasema mwanzoni kabisa,
haukufanywa kumtafuta mwenye kosa.
Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi
na bado sijui niiweke wapi.

Asali ninafunga bado.
Ila nikifungua ndoo, ile pumzi ndogo ikitoka, fsss,
mkono mwingine unashika meza.
Na birika la jirani likipiga mluzi
sikai tena kujiuliza ni kazi ya nani.
Nagonga mlango.